Uvundo wa Siku za Posa

Mabawa, Tanga
6 Septemba 1954

Kwa Konstebo Kombo Mselem, Polisi, Pangani.

Salamu nakupa kwa kuwa ni sunna, si kwa kuwa unastahili. Tangu mwezi wa nne ulipokuja na mjomba wako kuniposa, ukaketi kwenye mkeka wa baba yangu, ukavuta pumzi mara moja, ukaichomoa kofia kichwani mwa mjomba wako na kutapika ndani yake, hatujapata neno lako. Nilikuwa nyuma ya pazia, niliona yote. Ulikimbia, na baadaye tukasikia umeomba uhamisho kwenda Pangani. Mtu mzima, mwajiriwa wa serikali!

Sasa nisikilize. Uvundo ule haukuondoka na wewe. Ulipanda tena alipokuja mwalimu wa Muheza, naye akatoka bila viatu. Viatu vyake viko uani, kuku wetu anatagia humo. Siku nyingine nyumba yetu hainuki kitu ila mchuzi. Akija mposaji tu, kabla kahawa haijamiminwa, inapanda harufu kama ya kisima alichofia paka. Mtaa umeshaamua kwamba Sabiha binti Uweso ana jini mahaba, na jini hataki mke wake aolewe.

Mposaji mmoja tu amestahimili, naye ni Mwinyijuma, muuza papa mkavu. Anasema pua yake ilikufa kwa ndui utotoni na tangu hapo hanusi chochote. Alikaa katikati ya uvundo ule, akala sahani mbili za pilau, akaomba na ukoko. Baba alitokwa na machozi ya furaha. Anasema huyu ndiye aliyeletwa na Mungu, jini hamwezi, na nikaha itakuwa baada ya Maulidi ya Mfungo Sita.

Kombo, mtu huyu anajichokonoa masikio kwa ufunguo wa ghala lake. Akimaliza anautazama ufunguo, kisha anaupangusa kwenye ndevu. Na hao ndio watakuwa wanangu, wenye ndevu hizo na ufunguo huo! Ninapomfikiria tu mate yananijaa mdomoni.

Mimi siamini kuwa nina jini. Ningekuwa naye ningemjua. Wewe ni askari wa upelelezi na watu wanasema una pua ya mbwa, basi itumie. Nani anainukisha nyumba yetu? Kabla ya Maulidi nijue, la sivyo nimeolewa. Nijibu kwa jina la shoga yangu Asmahani, sanduku la posta la mumewe. Baba asijue.

Sabiha binti Uweso


Pangani
14 Septemba 1954

Bi Sabiha,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana kwa aibu niliyoiona nisingeweza kuketi. Radhi naiomba kwako na kwa mzee wako. Mjomba hajanisemesha mpaka leo.

Hiyo pua mnayoisifu ni maradhi. Hapa nalala chumba kimoja na Sajini Asheri, Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, mtu mwema kabisa, ila soksi zake hazijui maji. Mchana nakaa Mwera kwenye shamba la mkonge kutafuta wezi wa kamba, na pale makapi ya mkonge yanaozea mferejini mpaka macho yanachuruzika. Kila nikila naona chakula kinanirudia. Nimekonda.

Kuhusu jini, sheria haimtambui, kwa hiyo na mimi simtambui. Uvundo una mwenyewe, na mwenyewe ana mikono. Tazama harufu inaanzia wapi, mlangoni au ndani. Tazama na nani hayupo mbele ya wageni inapopanda. Kisha niletee kitu chochote kilichoguswa na uvundo huo, nikinuse. Ukifunge vizuri, tafadhali.

Ama kuja huko siwezi. Ruhusa hakuna, kesi ya kamba imetushika.

Wako mtiifu,
Kombo Mselem


Mabawa
24 Septemba 1954

Kombo,

Sikukuuliza kama unaweza kuja.

Mwinyijuma alikuja Ijumaa na uvundo ukaja naye. Unaanzia kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, pale kwenye ufa wa mbao, pamelowa. Wanaume walipohamia baraza ya nyuma nilipiga magoti nikapafuta kwa kanga niliyojifunga, kanga mpya, ya pea, nikalipasua pindo lake, nalo ndilo lililo ndani ya kifurushi hiki. Nimelifunga kwa jani la mgomba, kisha karatasi, kisha kitambaa cha mpira. Niliuma midomo nisitapike. Chakula sikukigusa mpaka Jumapili.

Umeuliza nani hayupo. Baba alikuwa na mgeni. Shangazi Semeni alikuwa jikoni uani, kanga imeziba pua, maskini, anapika huku anatema mate. Nyumba yetu haina mwingine.

Kuna jambo linanisumbua. Somo yangu kanieleza kwamba jini mahaba ni mtu wa mawardi na udi, anapenda mwanamke aliyefukizwa, na uchafu ndio unaomkimbiza. Sasa atainukishaje nyumba ya mkewe? Nilipomwambia Shangazi alinikaripia. "Mambo ya majini usiyaingilie, mwanangu. Yana wenyewe!" Yeye mwenyewe ana ruhani, tangu ujana wake, ruhani msafi wa kanzu nyeupe. Kila mwezi alikuwa akimpanda kichwani, tukamfukizia, akazungumza, akaondoka. Sasa tangu mambo haya hajaja. Shangazi amekuwa kama mke aliyeachwa bila talaka.

Mwinyijuma alituletea papa. Alikata kucha ya kidole gumba cha mguu kwa kisu, na kwa kisu hicho hicho akatukatia papa. Baba alikula, akasema papa huyu amekolea.

Sabiha


Pangani
30 Septemba 1954

Bi Sabiha,

Kifurushi nilikifungua mezani ofisini, nikakosea. Inspekta alitoka kwenda kula na hatukumwona tena siku hiyo. Sajini Asheri aliomba sala kwa Kishambaa. Palikuwa na mzee amekuja kushtaki mbuzi wake kaibwa. Alisema amemsamehe mwizi, akaenda zake.

Mimi nilibaki. Nilinusa, nikatoka nje kujishika ukutani, nikarudi nikanusa tena mpaka nikapata hakika. Mna mvuje, ule wanaofungwa watoto wachanga kukinga macho mabaya, lakini umekorogwa mwingi wa kutosha watoto wa Tanga nzima. Mna utumbo wa papa uliooza. Na mna maji ya makapi ya mkonge. Hayo ya mkonge naweza kuyaapia mbele ya hakimu, nayanusa kila siku ya Mungu.

Sasa fikiri. Mvuje unauzwa dukani. Papa mnaye. Lakini mkonge unaozea mashambani, hauozei Mabawa. Nimewauliza vibarua wa Mwera. Wananiambia Mwinyijuma huja kuwauzia papa mkavu, na wamemwona akichota maji ya mfereji ule kwa kibuyu, wakamcheka wakidhani anakwenda kuyanywa.

Najua mzee wako atasema mtu asiye na pua hana haja na uvundo. Basi tuijaribu hiyo pua. Mpikie yai viza. Asiyenusa atalimeza asijue. Mwenye pua ataliona linakuja tangu mbali, na mkono utasita tu. Mzee wako auangalie huo mkono.

Kitambaa nitakitupa mtoni leo.

Wako mtiifu,
Kombo Mselem


Mabawa
12 Oktoba 1954

Kombo,

Alilila!

Nililiteua mwenyewe, lilikuwa limelaliwa na kuku akalikataa. Nilipolimenya lilikuwa la rangi ya bluu. Alilitia mdomoni zima, akatafuna polepole, na maji ya kijani yakamtoka pembeni mwa mdomo, akayafuata kwa ulimi. Mkono haukusita hata kidogo. Akasema alhamdulillahi, yai la kienyeji lina ladha yake, na kama lipo jingine aletewe. Shangazi alikimbilia uani. Mimi nilitapika ndani ya birika la kunawia.

Nilipomwambia Baba habari ya kibuyu na mkonge alinijibu, "Kwanza nani kakwambia mambo ya Mwera? Na mtu asiyenusa atakorogaje uvundo, atajuaje kama umeiva?" Nisingeweza kukutaja wewe. Yai lako limemfanya Mwinyijuma walii. Baba anasimulia msikitini jinsi mkwe wake alivyomshinda jini kwa kula.

Shehe wa nikaha ameshaalikwa. Jana wameleta kitambaa cha nguo yangu, kimekaa ghalani na papa, nacho kinanuka. Kombo, naogopa. Usiku sipati usingizi, nasikia ndevu zile. Kama una rai nyingine ilete upesi, na kama huna niambie huna.

Sabiha


Pangani
19 Oktoba 1954

Bi Sabiha,

Nimefikiri sana. Nimetafuta kifungu cha sheria, hakuna kinachokataza mtu kunuka wala kunukisha. Sajini Asheri naye ametafuta, hakuona.

Nimefikiri na jambo jingine. Mtu anayekula yai kama lile kwa ajili ya mwanamke, pengine anampenda kweli. Mimi nisingeweza, na wewe unajua kuwa nisingeweza, uliniona. Labda huyo ndiye riziki yako. Mtu aliyekimbia hana haki ya kumsema aliyebaki.

Kitambaa nilikitupa mtoni siku ile ile, usiwe na wasiwasi nacho. Nakutakia heri na maisha mema.

Kombo Mselem


Mabawa
3 Novemba 1954

Wewe mwanamume,

Barua yako niliitia motoni, ikanuka kuliko mvuje. Nilikusudia nisikuandikie tena maishani. Naandika kwa sababu moja tu, nayo utaiona mbele, usirukie.

Wiki iliyopita Shangazi alikuwa chumbani akifukiza nguo za arusi kwa udi, kujaribu kuondoa harufu ya papa. Ghafla akanyooka, shingo ikawa ndefu, akaomba kanzu nyeupe. Nikamwita Baba. Ruhani wake amerudi.

"Assalaam aleykum, wenye nyumba," akasema kwa sauti ya kiume, sauti ya mtu aliyekula vizuri. "Mimi Maksudi. Tangu mwezi wa nne sipiti mlango wenu. Kizingiti changu mmekifanya jaa!"

Baba alipiga magoti. "Tuwie radhi, bwana. Tulidhani nyinyi ndio mnaomtaka mtoto huyu."

"Nani? Huyu?" Akanitazama kwa macho ya Shangazi, juu mpaka chini. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Simtaki hata kwa kulazimishwa. Ana ulimi kama wembe. Mimi wangu ni Semeni."

Kombo, nimeitwa mke wa jini mtaa mzima, na kumbe jini mwenyewe hanitaki! Nilitaka kumjibu, Baba akanishika mdomo. Akamuuliza basi nani anayetufanyia uchafu huu.

"Siwezi kumtaja mgeni mbele ya mwenyeji wake, si adabu," akasema Maksudi. "Fukizeni udi wangu Ijumaa kabla hajaingia. Chetezo mkitoe, moshi uishe, mkae kimya. Mmemjaribu kwa kibaya, naye kibaya alikuwa amejiandaa nacho. Mjaribuni kwa kizuri."

Ijumaa tukafanya hivyo, udi na mawardi na sandali kidogo, chetezo nikakificha chini ya kitanda. Maksudi hakuniambia nifanye nini na kizingiti, lakini nilikisugua kwa majivu na ndimu na nikakaa hapo hapo mpaka adhana, mtu asipite. Mwinyijuma akaja. Alisimama mlangoni, akafumba macho, na zile pua zake zikafunguka kama za ng'ombe.

"Mashaallah," akasema. "Udi wa mawardi. Na sandali mmetia."

Baba akamuuliza, "Umejuaje?"

"Nimeona moshi."

"Moshi uko wapi?"

Akatazama huku na huku, moshi hakuna. Baba akasema, "Kwani pua iliyokufa kwa ndui leo imefufuka?" Hapo Shangazi akatoka uani, ameshika kibuyu kwa ncha za vidole.

"Hii si dawa ulonipa wewe? Ukan'ambia mie, Bi Semeni, mwana wenu ana jini mahaba, kila akija mwanamume kuposa mwaga kizingitini, jini atakirihika amwache mwana! Mie n'kamwaga, n'kijua namlinda, kumbe namfukuza wangu! Haya, nawe nusa!"

Akakizibua chini ya pua yake. Kilikuwa kimekaa juani wiki nzima. Mwinyijuma aliruka, akapiga teke kahawa, akajitapikia kanzu yote mpaka viatuni, na papa aliyemla mchana nikamtambua. Wala sikuona kinyaa. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa nne nimecheka. Baba alimsindikiza mpaka njiani kwa fimbo, kisha akarudi akakaa chini mbele yangu, akasema, "Nisamehe, mwanangu, nilikuwa nakuuza kwa tumbo la mtu." Nilimsamehe. Mtaani sasa wanasema jini wangu kamshinda Mwinyijuma. Waache waseme.

Sasa sababu ya barua hii. Kabla ya kuondoka, Maksudi alinigeukia. Akasema, na Baba anasikia, "Na wewe mwenye ulimi. Yule askari wa Pangani hakutupa kitu mtoni. Pindo la kanga yako analilalia, liko chini ya mto wake na uvundo wake wote. Mwenzake amehamia barazani. Nilipita pale nikashindwa kukaa. Kwenu na kwetu sijaona uchafu kama mapenzi ya mtu yule."

Ndiyo hivyo. Sasa Baba ananiuliza askari gani, na mimi nakuuliza Sajini Asheri analala wapi.

Mpelelezi gani wewe? Ukaujua mkonge kwa kunusa kipande cha kitambaa, na usijue kwa nini nimekuandikia barua zote hizi. Nilikutajia kila aliyeniposa, nilikutajia alichokula, nilikutajia siku ya nikaha. Ulidhani nataka nijue harufu ni ya nani?

Nilitaka uje.

Sabiha


8 Novemba 1954

Sabiha,

Sajini Asheri analala barazani tangu mwezi wa tisa, na mbu wamemmaliza. Sikumwambia mtu yeyote kwa nini, hata yeye hajui, anadhani nina kidonda. Barua yako ilipofika niliinua mto nikatazama, maana hakuna mwanadamu anayejua kilicho chini ya mto wangu. Kwa hiyo ruhani wa Shangazi nimemtambua, sheria ikitaka isitake.

Nilikudanganya. Nilijaribu kukitupa, nikafika mpaka pantoni, nikashindwa, maana kilikuwa pindo la kanga yako. Kinanuka, Sabiha. Kila usiku kimenigeuza tumbo na kila usiku nimekirudisha chini ya mto. Niliposema Mwinyijuma ni riziki yako nilisema kwa woga. Nilijua kuwa nikija tena kwenu pua hii itaniaibisha tena mbele ya baba yako na mbele yako, na nikaona afadhali upotee kuliko nionekane. Nimeona haya kuliko siku ile ya kwanza.

Barua hii sijaitia posta. Naiandika kwenye baraza yenu, goti langu ndilo meza. Mjomba amekataa kuja, kwa hiyo mshenga wangu ni Sajini Asheri. Hajui posa za Waislamu na amekwisha mwuliza baba yako kama kuna wimbo wa kuimba. Baba yako hajanijibu salamu, lakini ameniletea mkeka. Shangazi amesema atakuingizia karatasi hii.

Sijui leo kizingiti chenu kina nini, na sijakinusa makusudi. Kiwe na mvuje, kiwe na papa, kiwe na mkonge wa Mwera wote, nimekuja kukuposa. Uvundo ukipanda nitatapika hapa hapa mbele ya watu wote, nitajipangusa mdomo, na nitabaki nimekaa.

Kombo